Spana Nyuma ya Kabati

4 Februari

Mdogo wangu,

Mwalimu wa hesabu anayekaa chini yangu ametangaza jana, mbele ya majirani kwenye ngazi, kwamba mimi sina paka. Amesema nina makopo ya samaki na tabia ya kuzungumza na kabati. Kwa ushahidi alionao yuko sahihi. Tangu umlete, hakuna aliyemwona, na mimi mwenyewe nimeona mkia tu.

Hujambo lakini? Sisi huku wazima. Mama mdogo goti limemwachia kidogo, sasa anatembea hadi kwenye kibanda cha magazeti na kurudi, akimlaumu kila aliyempita njiani. Anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula, ingawa hilo nimelitoa kichwani.

Sasa la paka. Nakuandikia taarifa kamili kama nilivyokuwa nikikabidhi zamu wodini, maana kwenye simu unasema "yuko poa, ee?" halafu kitu kinanguruma huko kwenu na hatusikilizani tena. Spana wako yuko chumba cha nyuma, nyuma ya kabati la nguo, kwenye ule mwanya ambao mkono wangu unaingia mpaka kiwiko tu. Anakula nikiwa nimetoka. Nikishinda nyumbani, sahani ya asubuhi naikuta jioni haijaguswa, na mimi siku hizi nashinda nyumbani. Sanduku la mchanga analitumia, hilo nashukuru. Chumba nakisafisha kila asubuhi: sakafu, sahani, sanduku, miguu ya kitanda, na lile shuka lake nalifua na kulianika. Katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mgonjwa niliyemlaza pasafi kuliko yule.

Lakini nikwambie wazi. Kiumbe anayekaa gizani mchana kutwa akisikiliza nyayo za mtu, huko si kuishi, ni kungoja. Mlinzi wa ghala la unga anatafuta paka wa kukamata panya. Nimempa ahadi: ikifika mwisho wa Juni na Spana bado yuko nyuma ya kabati, namkabidhi kwake. Pale kuna nafasi, na hakuna atakayemlazimisha kuonekana.

Ulisema unarudi lifti zikiisha kufungwa. Zinaisha lini?

Dada yako


19 Februari

Sista Mkuu, shikamoo.

Barua yako ilifika imekunjwa kona kwa kona kama shuka la wodi, nikaijua kabla sijasoma nyuma ya bahasha. Mimi mzima. Tunalala sita chumba kimoja, na mmoja wetu anakoroma kama winchi isiyotiwa grisi. Jengo ni refu, lina lifti tatu, na hakuna hata moja inayofanya kazi, kwa hiyo sisi mafundi wa lifti ndio tunaopanda ngazi kuliko watu wote. Wapaka rangi wanatusubiri pale juu: "Wataalamu, vipi, lifti mmeisahau nyumbani?"

Dada, tafadhali sana, si ghalani. Pale malori yanaingia na kutoka kutwa nzima, na vijana wanarusha magunia. Unakumbuka nilimtoa wapi huyu? Chini ya shimo la lifti, akiwa mdogo wa kujaa kiganja, na chumba cha lifti kinamshukia kichwani na kupanda, kinashuka na kupanda. Nadhani mpaka leo anaamini kila kinachonguruma kinakuja kumbana. Ghalani atakimbilia chini ya lori, na mlinzi atakuletea habari yake akiwa na koleo mkononi.

Nikupe mbinu ya kwetu. Lifti mpya haibebi watu siku ya kwanza. Inapanda tupu. Ikitulia tunaweka mifuko ya mchanga, michache, kisha mingi, na kila mara tunasimama kusikiliza. Mtu ndiye wa mwisho kuingia. Na wewe fanya hivyo. Weka kiti mlangoni mwa chumba, kaa, mpe mgongo, usimwite. Soma gazeti. Akizoea, kiti kiingie ndani kidogo. Akikuangalia, wewe angalia pembeni, maana paka akikodolewa macho anadhani ataliwa.

Halafu, yule rafiki yako mkunga mnaonana? Ulisema mkistaafu mtakuwa mnatembea pamoja jioni. Mmeshaanza?

Chakula nakula. Mwambie mama mdogo asikutese.

Mdogo wako


10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mdogo amefurahi kusikia unakula. Hakuamini, lakini amefurahi.

Kiti nilikiweka. Nilikaa mlangoni nikasoma gazeti kwa sauti, kurasa zote hadi matangazo ya vifo, maana huko ndiko ninakowajua watu. Mwalimu wa hesabu akapanda kuuliza kama nimepata mgeni. Nikamwambia nalisomea kabati. Akasema, "Afadhali sasa umekubali mwenyewe."

Matokeo ni haya. Jioni moja alitoa pua. Jioni nyingine pua na mguu mmoja. Asubuhi nikafanya usafi wangu, na kufika jioni pua haipo. Ndivyo ilivyo kila mara. Akisogea jioni, kesho yake amerudi mwanzo kama mtu asiyekumbuka jana. Nikaona pia kwamba amekonda, nikaamua kumpima. Nilisogeza kabati, nikamfunga kwa taulo kama tunavyomshika mtoto wa sindano, nikamtoa. Alinikojolea, akanichana kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, akapenya nyuma ya jiko. Uzito sikuupata. Nyuma ya jiko alikaa bila kula mpaka nikaanza kuogopa, kisha akarudi kabatini kwake nikiwa sokoni.

Baada ya hapo ilibidi kuosha chumba kizima. Nilitumia maji ya klorini niliyozoea kazini. Sasa kinanukia kama chumba cha upasuaji.

Mkunga alipita Jumapili. Nilimwambia kupitia mlangoni kwamba nina usafi.

Hukunijibu swali langu la lifti.

Dada yako


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Umemvuta? Kwa taulo? Niliiacha barua kitandani nikaenda kukaza boliti ambazo hazikuwa zamu yangu.

Najua unaweza kumshika mtu asiyetaka kushikwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako, na watu walipona. Lakini mtoto wa sindano mama yake yuko nje ya mlango anamngoja na pipi. Huyu hana mtu nje ya mlango.

Mimi shimoni sikumshika. Nilizima mtambo, nikashuka, nikakaa chini kwenye oili. Msimamizi yuko juu anapiga kelele, "Fundi, watu wanangoja!" Nikamwambia ngazi zipo. Nilikaa mpaka akaja mwenyewe, akaingia kwenye mfuko wa spana, akalala. Jina lilitoka hapo.

Usimvute tena, hata ukiona amekonda. Na huo mkono, umeenda kumwonyesha mtu? Najua hujaenda.

Lifti ya kwanza imepanda hadi ghorofa ya tisa na kukwama. Samahani kama nimekusemea vibaya.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hukusema vibaya, ulisema sawa. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na la kuandika. Sasa ninalo.

Spana ametoka. Nimemwona mimi, na mwalimu wa hesabu amemwona, kwa hiyo una mashahidi wawili ambao hawapendani.

Ilikuwa hivi. Bomba kubwa la mtaa lilipasuka na jengo zima likakauka. Gari la maji lilikuwa linakuja, na kila nyumba inapata ndoo. Ndoo ni ya kunywa na kupika, huwezi kuimwaga sakafuni. Kwa hiyo sikusafisha. Nilibadilisha mchanga kwenye sanduku na kupangusa sahani kwa karatasi, basi. Shuka halikufuliwa. Kila nikipita mlango wa chumba kile nilijihisi kama muuguzi aliyemwacha mgonjwa bila kumgeuza.

Jumamosi mchana nimekaa kitini, nimempa mgongo, nasoma bei za mazao. Nikasikia kitu kinakwaruza mguu wa kiti. Sikugeuka. Nikashusha gazeti taratibu mpaka nikamwona kwenye kioo cha dirisha. Alikuwa anasugua shavu kwenye mguu wa kiti, upande huu na upande ule. Akaenda kwenye pembe ya kitanda, akasugua. Fremu ya mlango, akasugua. Kiatu changu, na mguu wangu ukiwa ndani, akasugua. Kisha akarudi kwenye shuka lake chafu, akalikandakanda, akalala katikati ya chumba.

Nilipoinua macho, mwalimu amesimama sebuleni na ndoo yangu, alikuwa ameniletea kutoka chini. Akanong'ona, "Kumbe yupo."

Nikamwambia, "Weka ndoo. Toka kinyumenyume."

Akatoka kinyumenyume mpaka kwenye ngazi. Sikutegemea.

Nilikaa nikalifikiria jambo lenyewe. Paka anaacha harufu yake kwa shavu, na palipo na harufu yake ndipo kwake. Hili si siri ya wataalamu. Nimeona paka wakijisugua tangu utotoni, wewe pia umeona. Kila jioni huyu alikuwa anaanza kupafanya pale pawe kwake, na kila asubuhi mimi napita na deki na klorini napaondoa. Nilikuwa namhamisha nyumba kila siku, halafu nakuandikia kulalamika kwamba hazoei.

Maji yamerudi. Chumba kile nakifagia tu. Shuka nimeliacha, na linanuka. Nikilipita mikono inaniwasha, naenda jikoni naosha vyombo ambavyo ni visafi.

Mkono umepona. Nilijitibu mwenyewe.

Unarudi lini?

Dada yako


24 Mei

Mdogo wangu,

Sijapata barua yako. Mama mdogo anauliza, nami namjibu kwamba posta inachelewa. Posta haichelewi, bili ya umeme imefika kwa wakati.

Taarifa. Spana anakula nikiwa chumbani, mradi nisigeuke ghafla. Shuka nalifua nusu: nimelikata vipande viwili, kimoja kinafuliwa na kingine kinabaki na harufu yake. Nimeridhika na utaratibu huo na yeye pia. Bado anaogopa mifuko ya nailoni, mashine ya kusagia ya jirani wa juu, viatu vya visigino, na sauti ya mwanamume. Wewe ni mwanamume, kwa hiyo jiandae.

Andika, hata mstari mmoja.

Dada yako


8 Juni

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, usipigie hospitali yoyote. Sababu ya kunyamaza ninayo, lakini si nzuri, kwa hiyo naiacha mfukoni kwanza.

Barua ya bomba niliwasomea wenzangu chumbani. Yule anayekoroma alicheka mpaka akakaa chini pale mwalimu anapotoka kinyumenyume. Mpaka rangi mmoja akasema, "Huyo dada yako asije huku. Ataliosha jengo, kesho yake wenyewe tushindwe kulitambua." Nikamwambia chunga mdomo, huyo ni Sista Mkuu. Lakini nilicheka.

Hongera. Nasema kweli. Mimi nilikaa naye karibu miaka miwili na niliambulia kuingiwa kwenye mfuko wa zana, basi. Kiatu changu hakuwahi kukisugua.

Sasa mifuko ya mchanga imepanda salama, bado watu. Akikuzoea wewe peke yako atakuwa paka wa mtu mmoja, na huyo mmoja akiugua au akisafiri, yeye anarudi nyuma ya kabati. Anahitaji sauti nyingine ndani ya nyumba. Tafuta watu wawili watatu watulivu, wakae naye bila kumtafuta. Mkunga si mtulivu, najua, lakini hana ubaya.

Juni ndiyo hii imeingia. Mlinzi wa ghala umemwambiaje?

Lifti zote zinatembea. Kuna jambo nataka kukueleza, halijakaa sawa bado.

Mdogo wako


25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mdogo amenunua fimbo, anasema ni ya kutembelea. Mpaka sasa ameitumia kunyooshea watu.

Mlinzi wa ghala alikuja mwenyewe, na gunia. Nikamwambia Spana hapatikani. Akauliza, "Kaenda wapi?" Nikamwambia hajaenda popote, ndiyo maana hapatikani. Akaondoka akitikisa kichwa. Suala la ghala limekwisha, usiliulize tena.

Kuhusu watu nimefanya ulivyosema. Nilimtumia mkunga ujumbe: njoo Alhamisi saa kumi, usivae bangili, usipige hodi, usiseme neno mpaka nikuambie. Akajibu, "Nani kafa?"

Alikuja. Unamjua, sauti yake ilikuwa inatoka chumba cha kujifungulia inafika mpaka dirisha la dawa. Nikamwonyesha sakafu.

"Nikae chini? Na unene huu?"

"Kaa."

"Nimezalisha nusu ya mji huu, leo naketishwa sakafuni na paka."

"Punguza sauti."

"Mwenzangu, hii ndiyo niliyopunguza."

Spana alikuwa ameshakimbia zamani. Tukakaa tumeegemea ukuta, tumeinyoosha miguu kama watoto. Mwanzoni alininunia, na alikuwa na haki. Kisha akaanza kuninong'oneza habari za wodi, nani kahamishwa, nani kaolewa tena, daktari gani kaanguka kwenye ngazi akaomba atibiwe kwingine. Nikamnong'oneza na mimi. Tulifika mbali. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyeniuliza tangu nikabidhi funguo, nikamjibu. Spana alitoka tukiwa katikati ya maneno. Alimnusa mkunga kisigino, akarudi nyuma, akaja tena, akakisugua. Mkunga alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Alhamisi iliyofuata alirudi bila kuitwa. Mwalimu naye akapanda, akasema ana madaftari ya kusahihisha na kwake kuna kelele. Kwake anaishi peke yake. Nikamwambia avue viatu. Anakaa upande wake wa ukuta na kalamu yake nyekundu, na ajabu ni kwamba sauti ya mwanamume inayonong'ona haimsumbui Spana. Jana alilala juu ya daftari la mwanafunzi mmoja, mwalimu akashindwa kugeuza ukurasa. Amempa alama zote za ukurasa ule.

Tunanong'ona kama wezi mpaka jua linazama. Nikitaka kuwaondoa inabidi nisimame kwanza mimi.

Hilo jambo lako ni lipi?

Dada yako


12 Julai

Dada, shikamoo.

Nimeandika barua hii na kuichana, sasa naituma kabla sijaichana tena.

Wenye jengo wameniajiri. Mkataba wa kufunga lifti ulikwisha Mei, na tangu hapo walikuwa wananiomba nibaki niwe fundi wa kudumu. Nilikuwa nasema ndiyo asubuhi na hapana jioni, na kila nikishika kalamu nakumbuka swali lako, naiweka chini. Sasa nimetia saini. Sirudi, dada. Nitakuwa nakuja, lakini kuishi ni huku.

Wamenipa na nyumba, vyumba viwili na jiko, ghorofa ya juu kabisa, karibu na chumba cha mitambo. Nimefurahi sana, maana lifti ikianza kuugua naisikia kabla hawajanipigia. Na hapa wanyama wanaruhusiwa, nimeuliza.

Kwa hiyo nakuja kumchukua Spana mwezi wa Agosti. Nilikubebesha mzigo ambao hukuuomba, ukaubeba kuliko ambavyo ningeubeba mimi, na sasa nautua. Nimeshanunua kikapu kizuri chenye mlango. Utapata chumba chako cha nyuma, na utakiosha unavyotaka.

Mwambie mama mdogo taratibu.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako, nikapika, nikala, nikaosha sahani, ndipo nikakaa kuandika. Usije ukadhani najibu kwa hasira.

Hongera kwa kazi. Ni kazi nzuri na umeistahili. Mama mdogo nimemwambia. Amesema alijua tangu Machi, kwa sababu mtu anayerudi huuliza bei za vyumba. Kisha aliingia ndani akakaa muda, alipotoka akaomba nikuandikie kwamba ununue blanketi zito.

Kuhusu Spana jibu ni hapana.

Naeleza. Umeandika kwamba nyumba yako iko karibu na chumba cha mitambo. Nimeusoma mstari huo tena nikidhani nimekosea. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba huyu anaamini kila kinachonguruma kinakuja kumbana, halafu unataka kumlaza ukuta mmoja na mota za lifti tatu. Hukukusudia ubaya. Wewe mngurumo huo huusikii tena, kama mimi nilivyokuwa siisikii klorini.

La pili. Nilitoa shati lako la kazi ulilosahau, nikaliweka sakafuni karibu naye. Alilinusa, akarudi nyuma, akalizunguka kwa mbali. Nakuambia kama nilivyoona. Hakukumbuki kwa pua, na paka kumbukumbu yake iko kwenye pua.

La tatu ni safari. Siku nzima ndani ya basi, kwenye kikapu, kwenda mahali ambapo hakuna pembe moja aliyoisugua, akapokewe na mtu asiyemjua. Ataingia nyuma ya kabati la kwanza atakaloliona. Na wewe utakuwa kazini. Amefanya kazi kubwa kufika alipofika, sitakubali aianze upya kwa sababu sisi wawili tunapanga maisha yetu.

Umeandika pia kwamba ni mzigo. Februari alikuwa mzigo. Mengine sina haja ya kuyaandika, wewe unanijua.

Ninachokataa ni kikapu, sikukatai wewe. Nilikuuliza tangu Februari unarudi lini, hukunijibu, na sasa najua kwa nini. Swali hilo nimelifuta. Unakuja lini?

Dada yako


3 Agosti

Dada, shikamoo.

Jumapili sikuwa zamu. Nikalala chini kwenye chumba kile nilichokuwa nimempangia, sikio sakafuni, nikasikiliza. Jioni watu walipoanza kurudi makwao sakafu ilitetemeka mpaka kikombe kikatembea mezani. Nimeishi humu karibu mwezi mzima sikuwa nimekiona kikombe kinatembea.

La shati limeniuma. Sitasema halikuniuma. Lakini ulichoona ndicho ulichoona, na afadhali nimeambiwa na wewe kuliko ningeambiwa na yeye, nikiwa nimeshikilia kikapu mlangoni. Kikapu nimempa yule mpaka rangi, mkewe anawekea vitunguu. Blanketi nimenunua.

Sina la kubishana nawe. Spana abaki kwake.

Nimeomba likizo ya siku kumi. Msimamizi akauliza, "Nyumbani kuna msiba?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna. Naenda kukaa sakafuni."

Akanitazama. "Siku zote kumi?"

"Nikipata bahati."

Ametia saini, nadhani ili niondoke mbele yake. Nitavaa nguo ambazo hazijagusa grisi, na sauti nimeanza kuipunguza, wenzangu wanadhani naumwa koo. Siji kumchukua na siji kumshika. Nitakaa, nitampa mgongo, nitasoma bei za mazao. Asipotoka, nitakuwa nimekaa na nyinyi.

Nafika Jumatano tarehe 19, basi linaloingia saa mbili usiku. Alhamisi tarehe 20, saa kumi, mniachie nafasi ukutani kati ya mkunga na mwalimu.

Mdogo wako